Uzamili wa usimamizi wa asasi: ni fani kweli, au ni MBA iliyobadilishwa jina?

Mratibu_Moro
Habari za humu wakuu. Ni mratibu wa mradi wa lishe Morogoro, shahada yangu ya kwanza ni sosholojia. Mkurugenzi ananihimiza nikasome MBA, yaani uzamili wa usimamizi wa biashara, anasema kuongoza ni kuongoza, uwe unauza saruji au unagawa vyandarua. Mimi navutiwa na uzamili wa usimamizi wa asasi zisizo za kiserikali. Waliopita huko, nishaurini.

MamaLeja
Mdogo wangu, ni fani. Nakuambia kama mhasibu niliyetoka kampuni ya mabasi nikaingia kwenye asasi. Kule anayelipa nauli ndiye anayepanda. Asiporidhika, kesho anapanda la mwingine, nasi tunaona kwenye mauzo. Huku anayelipa ni mfadhili aliye Oslo, Norway, anayekula uji yuko Mvomero, na mama wa Mvomero hana basi lingine.

Henry Hansmann, mwanasheria wa Marekani, alilieleza hilo mwaka 1980: kwa kuwa mtoaji hawezi kuhakiki alicholipia, taasisi inakatazwa kuwagawia wanaoiendesha fedha inayobaki. Kabla yake mchumi Burton Weisbrod alikuwa ameonyesha kwamba serikali hufuata matakwa ya walio wengi, na wanaobaki hujiundia asasi. Kisha mtafiti wa asasi, Lester Salamon, akasema jambo ambalo natamani kila mkurugenzi alisome: asasi nazo hushindwa, maana fedha hazitoshi, huegemea kundi moja, na mwenye fedha ndiye anayeamua nani ana shida gani. Chuo Kikuu cha San Francisco kilianza kufundisha uzamili wake 1983, kwa hiyo fani ni changa, lakini maswali yake ni yake.

Sasa njoo kwenye leja, daftari la hesabu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na mradi wetu wa lishe ukakosa fedha, mjumbe wa bodi yetu aliuliza: "Si benki kuna fedha?" Zipo, ila mfadhili mwingine ametoa kwa ajili ya visima. Ukizilipia mishahara ya mradi wa lishe umevunja mkataba, na mkaguzi ataziandika kuwa matumizi yasiyokubalika, mzirudishe. Niliwaona vijana wazuri wakienda nyumbani huku taarifa ya benki ikisomeka vizuri. Iliniuma sana.

Bin_Chumbageni
Naongezea kutoka Tanga. Sisi tuliokulia karibu na misikiti tunalijua hili kwa wakf, mali ambayo Mwislamu ameitoa moja kwa moja kwa ajili ya hisani. Nyumba ya wakf haiuzwi wala hairithiwi, na kodi yake inakwenda pale mtoaji aliposema. Msimamizi ni mwangalizi tu. Vyuo vyetu vingefundisha wakf pamoja na hao Wamarekani.

Mratibu_Moro
Asanteni sana. Dada MamaLeja, nitajuaje kozi ipi ni ya kweli?

MamaLeja
Omba orodha ya masomo kabla hujalipa ada. Tafuta uhasibu wa fedha zenye masharti, kazi za bodi, tathmini ya miradi, na Sheria ya NGO ya 2002 pamoja na marekebisho ya 2019. Kama kuna masoko na mikakati ya ushindani tu, hiyo ni MBA. Halafu uliza wanafundishaje kujenga akiba isiyo na masharti, kwa ada za wanachama, kodi ya jengo au michango ya watu wa hapahapa. Mwalimu akikujibu hilo kwa mifano ya asasi za hapa nchini, jiandikishe.