Tupeane uzoefu: Wenyeji wa Mombasa, uliingia Ngomeni lini kwa mara ya kwanza?

Mwana wa Kuze
Assalaam alaykum jamaa. Nimezaliwa Kuze, Mji wa Kale. Ukitoka kwetu na kikombe cha kahawa mkononi, unafika lango la Fort Jesus, yaani Ngomeni, kabla hakijapoa. Utotoni tulicheza mpira pale nje, jioni tukala mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili, na watalii tukawatazama wakiingia na kutoka. Mimi niliingia nikiwa na miaka 34, tena kwa sababu shemeji yangu alikuja kutoka Mwanza akataka kuona. Njia nzima aliniuliza maswali, sikuwa na jibu hata moja. Niliona haya sana.

Nilidhani nitakuta mizinga na kuta tu. Kumbe mna ukumbi wa Wamazrui, ukoo uliowahi kuitawala Mombasa, wenye maandishi yaliyochongwa kwenye maboriti, na mna lipu ya zamani ambayo walinzi wa Kireno walichora meli. Nilisimama pale muda mrefu. Mtu yuko zamu, kwao mbali, anachora meli.

Lakini lililonigusa zaidi ni habari ya mazingiwa. Shuleni tulisoma kwa mstari mmoja: Wareno walijenga 1593, Waomani wakaiteka 1698. Hawakutuambia kwamba mazingiwa yenyewe yalichukua miezi 33, wala kwamba ndani ya ngome walikuwamo Waswahili. Maradhi yaliwamaliza Wareno hadi ikafika siku amri ya ngome ikashikwa na Bwana Daud wa Faza, mji wa Waswahili kisiwani Pate. Mtu wa Faza! Nimeishi miaka yote hiyo nikidhani ile ilikuwa vita ya wageni kwa wageni, na sisi tulikuwa watazamaji.

Nanyi je? Ngomeni au mahali popote pa kale hapa mjini. Semeni mliyoyaona kwa macho yenu.

Mjukuu wa Makadara
Waalaykum salaam ndugu yangu. Kwetu jina la Fort Jesus halikutajwa. Nyanya alisema "Ngomeni", na hata hilo alilisema kwa sauti ya chini. Kakake alifungwa mle zama za Mwingereza, maana tangu 1895 hadi 1958 ilikuwa jela. Nyanya hakupita mbele ya lango lile. Hata awe amebeba kikapu kizito, alizunguka vichochoroni.

Mwaka wa 2009 tulimbembeleza, akakubali. Alikuwa hatembei vizuri, tukamshika huku na huku. Kijana aliyekuwa akitutembeza alitueleza kwamba neno gereza asili yake ni Kireno, igreja, yaani kanisa, na kanisa lenyewe lilikuwapo pale uani. Nyanya akaguna tu. Akaketi kivulini, akatazama kuta, akauliza: "Walikuwa wakilala wapi?" Yule kijana alikuwa na majibu ya karne ya 16 na ya 17, hilo la nyanya hakuwa nalo. Nyanya akamsomea kakake Fatiha, akajipangusa uso, akasema twendeni.

Alifariki mwaka uliofuata. Mimi sasa nikiingia mle siendi kwenye mizinga kwanza. Naenda pale alipoketi.

Abiria wa Kisauni
Mimi si Ngomeni, ni Kengeleni, kituo cha matatu huku kwetu. Miaka kumi namwambia makanga "shukisha Kengeleni" bila kujiuliza ni kengele gani. Siku moja matatu iliharibika palepale, nikaiona: kengele imetundikwa kwenye mnara mdogo wa mawe. Mzee muuza magazeti ndiye aliyenieleza. Frere Town, mtaa ilipo kengele hiyo, ilianzishwa na wamishonari mwaka 1875 kuwa makao ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele ilipigwa kuwatahadharisha wakazi kila wafanyabiashara wa watumwa walipokuja. Tangu siku hiyo nikilitamka jina lile naona watu wakikimbia na watoto wao.

Mgeni kutoka Tanga
Na zile pembe kubwa zilizopita juu ya barabara ya Moi Avenue hapo Mombasa? Mimi nilikua nikiamini ni pembe za ndovu hasa.

Abiria wa Kisauni
Ni alumini, ndugu yangu. Ziliwekwa miaka ya 1950 kwa ziara ya kifalme ya Waingereza. Nenda uziguse.

Mtoto wa mvuvi
Marehemu baba alikuwa mvuvi, mashua yake ikilala Bandari ya Kale. Alipenda kutuhadithia juu ya wazamiaji waliokuja mwishoni mwa miaka ya 1970 kuitafuta meli ya Kireno mbele ya ngome. Ile ni Santo António de Tanná, ilizama 1697 ilipokuja kuwasaidia waliozingiwa. Wavuvi walipita juu yake kila alfajiri. Vitu vilivyotolewa mle viko ndani ya makumbusho. Nilimpeleka baba kuviona, akasimama mbele ya kioo akahesabu kwa vidole miaka aliyotupa nyavu pale.

Niko Muscat
Naandika kutoka Oman. Wiki yangu ya kwanza hapa niliona ngome mbili juu ya majabali ya bandari, Jalali na Mirani, nikahisi niko nyumbani. Nazo ni kazi ya Wareno, miaka ya 1580. Waomani waliwatoa Wareno hapa 1650, kisha wakawafuata hadi kwetu. Nilipiga picha nikamtumia mama, akanijibu: "Umerudi lini?"

Mwana wa Kuze
Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Walioniuliza faraghani habari za kuingia Ngomeni: chukueni kitambulisho, mwananchi hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni. Nendeni asubuhi kabla jua halijawa kali, mpite Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, kwa miguu, muuone na Msikiti wa Mandhry.

Jumamosi nawachukua watoto wa dada yangu. Tutaanzia Kengeleni, halafu Ngomeni. Mjukuu wa Makadara, kama utakuwapo mjini, naomba utuonyeshe alipoketi nyanya.