Naombeni ushauri: briji ya besi ya zamani imepasuka na mpya haipatikani, niitengenezeshe vipi?

NyuziNne
Habari zenu wakuu. Nina gitaa la besi la Japani la miaka ya 60, skeli fupi (yaani nyuzi zake ni fupi kuliko za besi ya kawaida), nembo ya kichwani ilishang'oka kwahiyo hata jina lake silijui. Niliachiwa na marehemu mjomba, alikua analipigia bendi, kwa hiyo kuliuza au kulibadilisha sana sipo tayari.

Shida ni briji, kile kipande cha mwilini kinachoshikilia nyuzi. Ni bamba moja la zinki lililopakwa kromu, limebeba sadeli nne (vidude ambavyo kila uzi unalalia), na limepasuka kati ya uzi wa E na wa A, zile mbili nene. Ukucha unaingia kwenye ufa, na nikikaza nyuzi nauona kabisa unafunguka. Halafu kile kifaa cha kukazia uzi wa E gia yake imelika meno mawili, ukizungusha inaruka.

Fundi wa kwanza kaniambia tutoboe matundu mapya tufunge briji ya kisasa, nikakataa. Nikampelekea jamaa anayesubu vyuma, akaigandamiza briji yenyewe kwenye mchanga akamimina aluminiamu, ikatoka nzuri kwa macho lakini nikifunga skrubu ya upande mmoja ya upande wa pili haikutani na tundu. Ya zamani kutoka tundu mpaka tundu ni milimita 78, mpya ni 77. Na nikajaribu kuweka viskrubu vipya vya M3 (vya kipenyo cha milimita 3) kwenye sadeli maana viwili vimeliwa kutu, vinaingia mizunguko miwili mitatu vinakwama, sikulazimisha.

Nisubishe tena, nichongeshe kwa mashine, au niprinti ya plastiki? Nawasilisha.

FundiKimya
Mkuu umefanya vizuri kukataa kutoboa, tundu likishatobolewa halirudi.

Hiyo milimita moja haikupotea kwa uzembe wa jamaa. Aluminiamu ikipoa inanywea kama asilimia 1.3, sasa chukua 78 uipunguze hivyo utaona unaangukia palepale kwenye 77. Ndo maana wanaosubu hutengeneza mfano mkubwa kidogo kuliko kitu chenyewe, hawagandamizi kitu chenyewe.

Pia usikubali mtu yeyote aichomelee. Hizo zinki zinayeyuka chini ya nyuzi joto 400, ufa haujajaa bado bamba lote limeshalegea kama siagi. Na zinki za enzi hizo zikiwa zimechanganyika na risasi hata kidogo zinaoza kwa ndani pole pole, kwahiyo ufa mmoja ukiuona kagua na kwingine.

Naomba fanya kitu kimoja kabla hatujaendelea. Geuza briji chini juu, weka rula ya chuma mgongoni kwake, uitazame dhidi ya mwanga.

NyuziNne
Aisee. Mwanga unapita katikati. Nimepima, pamebonyea kwa ndani karibu milimita moja na nusu, yaani briji imenyanyuka kama upinde na mimi miaka yote nilijua ndo umbo lake!

FundiKimya
Haikuzaliwa hivyo. Kila uzi wa besi unavuta kama kilo 15 mpaka 20, mara nne, miaka hamsini na kitu, zinki imesalimu amri. Sasa ona, ile aluminiamu imenakili mpaka huo upinde na huo ufa uliopanuka. Ulikua unatengeneza nakala ya ugonjwa.

Vipimo vichukue kwenye gitaa. Matundu ya skrubu kwenye mbao hayajanywea wala kupinda, hayo ndo ya kuaminika. Nafasi ya nyuzi chukua upande mzima wa D na G, halafu upande wa E na A uukokotoe kutoka hapo, usipime juu ya ufa. Mahali pa sadeli pima kutoka kidaraja cha kichwani (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi, shingo inapokutana na kichwa) mpaka freti ya 12, zidisha mara mbili, hapo ndo pa kuanzia, sadeli zote zitakaa nyuma ya hapo milimita kadhaa na ya E nyuma zaidi kuliko ya G. Hakikisha mfereji wa sadeli una nafasi ya kutosha kwenda mbele na nyuma. Tumia vernia (kile kipimio cha kubana cha vipimo vidogo), pima kila kitu mara tatu siku mbili tofauti.

KazaTaratibu
Mimi nitasema tofauti kidogo wakuu, gitaa ni la kupigwa. Briji za kisasa ni imara kuliko hiyo zinki hata ikiwa mpya. Si afunge tu maisha yaendelee?

FundiKimya
@KazaTaratibu hoja yako naiheshimu na ningekuunga mkono kama matundu yangekutana. Briji nyingi za kisasa zinafuata mpangilio wa kampuni ya Fender ya Marekani na upana wa nyuzi wake, ukiiweka kwenye kabesi kembamba ka skeli fupi uzi wa E na wa G vinakimbilia ukingoni mwa shingo. Njia ya kati ipo, achonge bamba la chini linalotumia matundu ya zamani halafu juu yake afunge briji ya kisasa, ila hapo urefu wa nyuzi unapanda na hiyo shingo sidhani kama ina nafasi ya kuinamishwa.

MenoMadogo
Hapo kwenye viskrubu ngoja nikusaidie maana nimeteseka nayo sana. Hiyo ni M3 kweli lakini si M3 ya leo. Japani kabla ya kuhamia viwango vya kimataifa vya ISO walikua na vyao, M3 yao meno yanaachana milimita 0.6, ya leo 0.5. M4 yao 0.75, ya leo 0.7. Ndo maana inaingia mizunguko miwili inakwama, na ungelazimisha ungeng'oa meno yote ya sadeli. Wanaotengeneza mashine za kushonea na pikipiki za Kijapani za zamani wanalijua hili, skrubu hizo utazipata kwao kirahisi kuliko kwa watu wa magitaa. Besi ya Marekani ingekua habari nyingine, huko ni inchi, hata shina la poti (kile kirekebisha sauti) linakua milimita 6.35 na nobu ya milimita 6 haiingii ng'o.

Gia usichonge. Kiwanda kimoja Japani kilikua kinatoa besi zilezile zinauzwa Marekani na Ulaya kwa majina chungu nzima, kwahiyo usitafute kwa jina, tafuta kwa vipimo: umbali wa matundu ya bamba, unene wa shina, idadi ya meno. Na angalia mzingo wa ile skrubu inayosukuma gia umeelekea kulia au kushoto, mimi niliwahi kufunga moja ya mwelekeo mwingine, nikawa nakaza uzi unalegea.

DadaSolda
Kaka kabla hujaprinti plastiki, fungua briji uangalie chini yake. Utakuta waya mdogo umebanwa kati ya briji na mbao. Huo ndo unaziunganisha nyuzi na ardhi ya umeme wa pikapu (kile kinachonasa mlio wa nyuzi), briji ikiwa ya plastiki nyuzi zinabaki peke yake na besi itanguruma kwenye spika muda wote. Printi kwa kujaribia tu umbo. Tena plastiki ya kawaida ya printa inaanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, na hata bila joto inasogea pole pole ikivutwa.

Na pikapu kama inalia vizuri USIGUSE.

Ubao_wa_Nazi
Samahani mwenye uzi naomba nidandie. Mimi nina Jazz Bass, ile besi ya Fender, ya mwanzoni mwa miaka ya 60, lile bamba la mbele la rangi ya gamba la kobe limenywea mpaka limejipasua kwenye matundu ya skrubu. Nalilaza juu ya plastiki mpya nachora pembeni yake nakata, sawa?

DadaSolda
Hapana kaka, ni somo lilelile! Hiyo ni seluloidi, inanywea miaka yote na matundu yanasogea nayo, ukilichora utapata bamba dogo. Weka karatasi ngumu inayopitisha mwanga juu ya mwili wa gitaa, tia alama kwenye matundu ya mbao na mipaka ya pikapu. Lile la zamani lihifadhi penye hewa, mbali na moto maana linawaka vibaya sana, na usilifungie kwenye kasha la gitaa, mvuke wake unakula vyuma.

NyuziNne
MREJESHO. Wakuu samahani nimechelewa, ilichukua wiki saba.

Nilichora upya kutoka kwenye mwili kama mlivyosema, nikaprinti ya plastiki, ya kwanza ikakosea nafasi ya uzi wa A kwa karibu milimita, nikarekebisha, ya pili ikakaa. Hiyo ndo nikampa fundi wa mashine akachonga kwa brasi, bamba tu, sadeli nimebaki na zilezile. Brasi inazidi zinki kwa karibu robo ya uzito nikaogopa besi itaelemea upande mmoja, ila nimeivaa na mkanda haijainamia popote. Kromu nimeacha kwanza, tabaka lake lingebana mifereji ya sadeli na sikua nimeacha nafasi.

Viskrubu nilipata kwa mzee anayetengeneza mashine za kushonea, nilipomtajia 0.6 akacheka akavuta droo. Gia bado natafuta, kwa sasa uzi wa E naukaza kwa kurudi nyuma kidogo kwanza.

Waya wa ardhi nilisafisha ncha yake nikaubana chini ya brasi, kimya kabisa. Chini ya bamba nimegonga mwaka niliotengeneza, ili atakayelishika baadaye asidhani ni la kiwandani. Lile lililopasuka liko kwenye mfuko pamoja na skrubu zake.

Jana usiku nimepiga uzi wa E ukiwa wazi halafu freti ya 12, zimelingana. Nimekaa nao muda mrefu tu huo uzi mmoja.