Praima ya nyuma: herufi zimeoana zote, maalim kaikata. Kosa liko wapi?

Mtoto wa Wete
Assalaam aleikum jamani. Niko mwaka wa pili, chuo hapa Unguja. Tumepewa mwanzo wa jeni ya beta-globini (sehemu ya hemoglobini ya damu), uzi wa DNA unaofanana na mRNA, ile nakala inayosomwa kutengeneza protini (T ya hapa huko ni U):

5'-ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG-3'

Tutoe praima ya nyuma (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia unakili, kinachoshika uzi huu) kwa herufi 12 za mwisho (fupi makusudi, zoezi la karatasi). Nimeandika GGACTCCTCTTC. A kwa T, G kwa C, zote zimeoana, na bado nimepata sifuri. Jengine, wiki ijayo tunachanganya PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) wenyewe, sampuli 8, na hesabu yake siioni pa kuanzia. Na somo hili mtu analisomaje bila ya kukariri kama kasuku?

Bi Makonyo
Waalaikumu salaam mwanangu. Herufi umezipata, umeanzia mkiani.

Ncha mbili za uzi hazifanani: 5' ina fosfeti, 3' ina OH. Polimerasi, enzaimu inayonakili DNA, huunga herufi mpya kwenye OH tu, ndiyo maana uzi hurefuka kutoka 5' kwenda 3' na si kinyume. Na nyuzi mbili za DNA zimelala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule:

5'-CCT GAG GAG AAG-3'
3'-GGA CTC CTC TTC-5'

Wewe umenakili mstari wa chini kuanzia kushoto, yaani kuanzia 3'. Mtengeneza praima husoma kila oda kuwa imeanza na 5', kwa hiyo atakutengenezea kitu kisicho na pa kushika. Igeuze: 5'-CTTCTCCTCAGG-3'. Kuanzia leo usiandike uzi wowote bila ya kutia 5' na 3' pembeni, hata kwenye karatasi ya kufanyia hesabu.

Fundi Pipeti
Kwa tyubu moja ya maikrolita 25 (namba ya mwisho ya kila kitu ni maikrolita): bafa ya 10X 2.5, MgCl2 ya 25 mM 1.5, dNTP (herufi za kujengea DNA) zenye 10 mM kila aina 0.5, praima mbili za 10 µM 0.5 kila moja, Taq (polimerasi yenyewe) ya yuniti 5 kwa maikrolita 0.2, DNA 1, maji 18.3. Soma kibandiko cha bafa kwanza: ikiwa magnesiamu imo tayari, acha MgCl2, ongeza maji 1.5.

Sasa, 0.2 haipimiki kwa pipeti ukaiamini. Ndiyo maana mnapika chungu kimoja. Sampuli 8, tyubu ya DNA inayojulikana kuwa inafanya kazi, na tyubu ya maji badala ya DNA: 10. Zidisha kwa 11, kwa sababu kidogo hubaki kwenye ncha za pipeti. Taq inakuwa 2.2, maji 201.3. DNA haimo chunguni. Gawa 24 kila tyubu, kisha tia DNA 1. Taq imo kwenye gliserini, nzito, huzama chini. Pandisha na kushusha pipeti taratibu kabla ya kugawa, la sivyo tyubu nyengine zitakosa enzaimu kabisa.

Kwenye jeli, ambako umeme huitenga DNA kwa urefu iwe mistari, anza kutazama tyubu mbili za mwisho kabla ya sampuli zako. Mstari kwenye tyubu ya maji maana yake kuna DNA ya mtu imeingia, tupeni yote mrudie. DNA nzuri nayo ikinyamaza, kosa ni mchanganyiko au mashine. Ikiwa hizo mbili ziko sawa na sampuli ya damu ndiyo iliyonyamaza, izimue mara 10 ujaribu tena, kwa sababu heme, sehemu ya damu yenye chuma, huizuia Taq. Na visima (vitundu vya kutilia DNA) vikae upande wa waya mweusi! DNA ina chaji hasi, ukigeuza inakimbilia nje ya jeli.

Kasa Mkongwe
Kuhusu kukariri: kodoni 64 (herufi tatu tatu) waachie wenye jedwali. Shika AUG ya kuanza, na UAA, UAG, UGA za kusimama, basi. Badala yake chukua huo huo uzi uuharibu. Badilisha GAG ya kwanza iwe GTG: asidi amino glutamati inakuwa valini, na hiyo ndiyo selimundu. (Vitabu vingi huiita nafasi ya 6 kwa sababu Met (methionini) ya mwanzo hukatwa, ukiihesabu ni ya 7. Msigombane kwa hilo.) Kisha futa T ya CAT, utuambie umepata nini.

Mtoto wa Wete
Ahsanteni. Nimefuta T: ATG GTG CAC TGA... Met, Val (valini), His (histidini), halafu kusimama? Hichi kifupi hivi?

Kasa Mkongwe
Ndiyo. CAC bado ni His, kwa hiyo kodoni iliyoguswa haionyeshi kitu, kosa linajitokeza inayofuata. Ribosomu, inayosoma mRNA na kuunga protini, inahesabu tatu tatu tu, haijui kama umefuta.

Bi Makonyo
Ongeza hili kabla ya maabara. MstII, enzaimu ya kukata DNA, hukata CCTNAGG, N ikiwa herufi yoyote. Ipate kwenye uzi wako. Kipande cha PCR chenye sehemu hiyo moja tu, mtu wa AS (nakala moja ya kawaida, A, na moja ya selimundu, S) ataonyesha mistari mingapi?

Mtoto wa Wete
CCTGAGG inakatwa, CCTGTGG haikatwi. Miwili?

Bi Makonyo
Mitatu. AA miwili, SS mmoja mrefu. AS ana nakala zote mbili, kwa hiyo ule mrefu pamoja na vipande vyake viwili.