Taima ya difrosti ya 60 Hz unaniuzia mimi wa Dar ya nini? Kuku wangu wameharibika!

Wakuu habari za muda huu, naandika nina hasira kwaiyo mnivumilie.

Nina bucha ya kuku na samaki, nyuma kuna chumba cha baridi cha kugandishia, nyuzi 18 chini ya sifuri, miaka sita hakijawahi kunisumbua. Mwezi uliopita barafu likaanza kujaa kwenye evapureta (yale mabomba ya ndani yanayotoa baridi) mpaka feni zikawa zinakwangua. Fundi wa kwanza akasema gesi imeisha, akajaza, nikamlipa 150,000, siku nne tu barafu lile lile limerudi. Wa pili ndo akafungua boksi la umeme akanionyesha taima ya difrosti, ile saa inayowasha hita za kuyeyusha barafu, mota yake imekufa, sahani ya saa haizunguki, kwaiyo hita haziwaki na barafu halina siku ya kuyeyuka. Uyo namshukuru.

Balaa limeanzia dukani. Nimeenda Kariakoo na taima mbovu mkononi, nikamwambia jamaa nataka kama hii hii. Hata hakuigeuza asome kibandiko, akaingia ndani akatoka na nyingine inayofanana, sahani ile ile ya masaa 24 yenye vipini pembeni, "bosi taima ni taima, volti 240 hiyo kafunge". Nikatoa 185,000. Fundi wangu alikuwa safarini akamtuma kijana wake, kijana akakuta kuna waya mmoja umebaki hauna pa kwenda, akaukunja akauzungushia tepu nyeusi, akaseti saa akaondoka.

Saa 6 mchana niliiseti mbele ya macho yangu. Kesho yake saa 6 mchana naenda kuangalia, sahani inasoma saa 2 asubuhi! Umeme haukukatika hata dakika moja, nililala pale pale dukani. Nampigia muuzaji ananijibu eti umeme wenu unakatika mzee wangu. Siku ya pili imechelewa tena masaa manne. Difrosti niliyotaka iingie saa 8 usiku ikawa inaingia asubuhi wateja wamejaa na mlango unafunguliwa kila saa, na hita zikishawaka haziachii, barafu limeshaisha, maji yameshatiririka, evapureta inatoa mvuke kama birika na hita bado zinachoma tu. Siku ya tano nimebonyeza kuku wa juu karibu na feni, kidole kinaingia. Kuku 60 nimetupa wakuu. SITINI.

Fundi mkubwa aliporudi aliigeuza tu ile taima, kibandiko kipo wazi kabisa: 60 Hz. Umeme wetu ni 50 Hz, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Mota ya hizi taima inafuata mapigo ya umeme, ukiileta ya 60 huku kwetu mzunguko wa masaa 24 unachukua masaa 28 na dakika 48, na zile dakika 45 za difrosti zinakuwa 54. Sasa muuza spea anayekaa na hivi vitu kila siku anakosaje kujua hilo?

Na ule waya wa tepu ndo ulioniuma zaidi. Unatoka kwenye thamostati iliyobanwa kwenye evapureta, ile ya zamani ilikuwa na mguu (pa kufungia waya) umeandikwa X, evapureta ikishapata joto la kutosha inaiambia taima basi zima hita rudi kwenye baridi hata kama dakika zake hazijaisha. Hii niliyouziwa mguu wa X haina kabisa, ni ya kuhesabu dakika tu!! Na ya mfano nilikuwa nimeibeba mkononi, angeziweka mbili kwenye kaunta akahesabu miguu tu angeona.

Nimemrudia, ananiambia kitu cha umeme kikishafungwa hakirudishwi. Kwaiyo kosa lake nilipe mimi, na kuku nilipe mimi?

Wadau wenye vyumba vya baridi, nani amepata taima ya 220 mpaka 240, 50 Hz, yenye mguu wa X, swichi nzito ya kubeba hita za kilowati 3 na sio zile za friji la nyumbani? Duka gani hapa Dar wanakubali usome kibandiko kabla hujatoa hela? Mimi kwa sasa nazima kompresa kwa mkono nayeyusha kwa maji ya bomba mara mbili kwa siku, saa 9 usiku nipo macho na ndoo. Risiti ninayo, taima ninayo, kesho asubuhi naenda tena kaunta yake na siondoki.