Omeprazoli: kabla ya chai au baada?

Mhudumu wa afya ya jamii, Kisumu
Hamjambo wenzangu. Huku Nyalenda, katika nyumba nyingi ninazopitia nakuta omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ya miligramu 20 iliyonunuliwa kemisti. Karibu kila mtu anaimeza akishashiba, na ni siku ile tu kiungulia kinapomwasha. Kisha anasema dawa haifanyi kazi, anaongezea ile dawa nyeupe ya kutikisa (antasidi ya maji). Baadhi wako kwenye ARV, dawa za virusi vya UKIMWI. Niwaelekeze vipi?

Mfamasia, Nakuru
Dada, kasoro iko kwenye saa. Ndani ya ukuta wa tumbo kuna pampu ndogo sana zinazomwaga asidi. Omeprazoli hushika zile pampu zilizoamka tu, na chakula ndicho kinachoziamsha. Mtu akimeza nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya asubuhi, dawa inakuwa tayari kwenye damu pampu zinapoanza kazi. Akimeza baada ya kula, inachelewa kuingia, nayo haidumu kwenye damu: nusu yake hutoweka kwa takriban saa moja.

Pampu iliyoshikwa haifunguki tena, mpaka mwili uunde nyingine. Ndiyo maana wengi hutosheka na moja kwa siku. Ila siku ya kwanza hazishikwi zote. Nguvu kamili huonekana kuanzia siku ya tatu hadi ya tano. Anayemeza leo na kuruka kesho hafiki huko kamwe.

Fungua kapsuli moja uwaonyeshe. Utaona chembe ndogo mfano wa punje za wimbi, kila moja imepakwa ganda linaloilinda isiharibiwe na asidi mpaka ipite tumbo. Akizitafuna au kuzisaga, ganda limekwisha na dawa imekwisha. Asiyeweza kumeza kapsuli azichanganye na juisi kidogo ya matunda na kunywa papo hapo bila kutafuna. Asitumie maziwa wala soda.

Muuguzi, Kakamega
Niongeze kuhusu dawa nyeupe, maana hapo ndipo wa ARV wanapoumia. Hiyo haizuii asidi kutengenezwa, inaizima iliyokwisha kumwagika. Hutuliza kwa dakika chache, lakini tumbo likiwa tupu haimalizi saa moja. Baada ya chakula hukaa hadi saa tatu hivi, kwa hiyo huo ndio wakati wake. Magnesiamu hulainisha choo, alumini hukifunga. Mgonjwa wa figo asiinywe bila kumuuliza daktari.

Madini hayo hunasa dolutegraviri, mojawapo ya ARV, tumboni isiingie mwilini. Kanuni ni hii: dolutegraviri imezwe saa mbili kabla ya dawa nyeupe, au saa sita baada yake. Anayemeza ARV saa mbili usiku, dawa nyeupe aikomeshe saa nane mchana, na asiirudie kabla ya saa nne usiku. Mwandikie hizo saa kwenye karatasi. Omeprazoli haina ugomvi na dolutegraviri, lakini kwa atazanaviri, ARV nyingine, ni hatari: dozi ya ARV hiyo hupungua mwilini. Huyo arudi kliniki yake kwanza. Antibiotiki za siprofloksasini na doksisaiklini, na vidonge vya madini ya chuma pia hunaswa na dawa nyeupe, visimezwe pamoja.

Mhudumu wa afya ya jamii, Kisumu
Asanteni sana. Na aliyemeza omeprazoli mwaka mzima, kila akiacha moto unarudi mkali kuliko mwanzo?

Tabibu, Bungoma
Tumbo lililozuiwa muda mrefu hufidia: likiachiwa ghafla humwaga asidi nyingi kwa wiki kadhaa. Mtu hudhani vidonda vya tumbo vimerudi. Kiungulia cha kawaida hutibiwa wiki 4 hadi 8, kisha apunguze, kwa mfano kidonge siku moja na kuruka siku moja kwa wiki mbili hadi nne, dawa nyeupe ikimshikilia katikati. Lakini anayemeza aspirini au diklofenaki kila siku, au aliyewahi kutokwa damu tumboni, usimwachishe wewe. Daktari wake ndiye aamue.

Aliyekaa nayo mwaka mzima apimwe bakteria wa *Helicobacter pylori*, anayeleta vidonda vya tumbo, kwa choo. Kabla ya kipimo aache omeprazoli wiki 2, na asiwe ametumia antibiotiki wiki 4, la sivyo majibu yatasema hana na kumbe anaye.

Wa kupeleka hospitali bila kungoja: anayetapika damu au kitu kama kahawa iliyosagwa, anayekonda bila sababu, na ambaye ugali unamkwama kooni. Saratani ya umio (njia ya chakula) iko juu huku kwetu magharibi, na omeprazoli inaweza kutuliza maumivu huku uvimbe ukikua. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya si kiungulia mpaka moyo upimwe.

Ukiambiwa choo ni cheusi, uliza kwanza kama anameza madini ya chuma, kwani nayo huweka weusi. Choo cha damu kinang'aa na kunata kama lami, na harufu yake ni kali mno. Huyo aondoke siku hiyo hiyo.