Tatu na yadi 17, na yeye anatoa mstari mzima wa mbele! Huyu mzee wa ulinzi atatuzika

Mdomo_wa_Mamba (mwanzisha uzi):

Wakuu, sijalala kwa ajili ya mechi yetu ya futiboli ya Marekani ya vyuo. Naandika bado nimevaa jezi. Mods, msiunganishe uzi huu na ule wa matokeo, huu unajitegemea.

Tatu na 17. Jaribio la tatu, wanahitaji yadi 17, zimebaki dakika mbili na ushee, tunaongoza kwa pointi nne. Jaribio la kwanza tumemwangusha kwotabeki wao, yule mrusha mpira, kapoteza yadi 7. La pili kafukuzwa mpaka akautupa mpira kwa wapiga tarumbeta. Anahema, anashika mbavu. Waliomfanyia hayo ni vijana wetu wanne wa mbele. Uwanja mzima umesimama.

Na yule bwana, kocha wetu wa ulinzi, anafanya nini? Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye kofia isiyo na utosi hata mechi ikiwa usiku, na lile karatasi lake la mbinu lililofunikwa plastiki kama menyu ya hoteli. Anawatoa wote wanne! WOTE WANNE! Wale waliomvunja mbavu kwotabeki wanakwenda benchi kunywa maji, wanaingia vitoto ambavyo hata mama zao walikuwa wanauliza yule ni nani.

Halafu hakutosheka. Watatu ndio wamfuate kwotabeki, wanane warudi nyuma kulinda zoni, kila mmoja eneo lake. Kwotabeki akasimama. Akasimama! Angeweza kuwapigia simu wazazi, akasalimia ukoo mzima, akaulizia na mavuno, ndipo arushe. Yadi 24. Katikati ya sefti wawili, walinzi wa nyuma kabisa, ambao kila mmoja alikuwa anamnyooshea mwenzake kidole.

Tatu na 17, jamani.

Mimi mzunguko wa wachezaji naukubali. Georgia wa 2021 waliwapokezana pale mbele msimu mzima, wakaruhusu wastani wa pointi kama 10 kwa mechi, wakampiga Alabama 33-18 kwenye fainali, na walinzi wao watano wakachukuliwa raundi ya kwanza ya drafti ya 2022 (ligi ya kulipwa ikichagua wachezaji wapya), Travon Walker akiwa wa kwanza kabisa nchi nzima. Jordan Davis, mlinzi wao wa mbele, alikuwa na kilo zaidi ya 150, huwezi kumkimbiza mtu yule kila jaribio. Unampumzisha. Lakini unampumzisha robo ya pili ILI robo ya nne awe na mapafu! Sisi tumepumzisha watu mechi nzima, dakika yenyewe ilipofika tukawapumzisha tena. Walikuwa wanatunzwa kwa ajili ya nini? Harusi?

Baadaye anaongea na waandishi wa habari kwa utulivu kabisa, eti anawaamini vijana wote. Mimi sijaulizia imani yake. Nimeulizia tatu na 17.

---

Kobe_wa_Houston:

Povu lote hili alfajiri? Vua jezi kwanza mkuu, oga, kunywa chai, uje tuongee.

---

mgeni2024:

Samahani wakuu, nimeingia kwa bahati mbaya. Tatu na 17 ndiyo nini?

---

Kobe_wa_Houston:

@mgeni2024 Timu yenye mpira inapewa majaribio manne kusogea yadi 10. Ikisogea, inaanza kuhesabiwa upya. Ikirudishwa nyuma, deni linaongezeka. Hao walikuwa jaribio la tatu na deni la 17. Ilikuwa wapige mpira mbali na watoke uwanjani. Hawakutoka. Sasa unaelewa kwa nini kaka yetu hajalala.

---

Yadi_kwa_Yadi:

Mleta mada, Jordan Davis unamtaja vibaya. Huyo huyo Davis alikuwa anatolewa kwenye jaribio la tatu lenye yadi nyingi, kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia mbio za katikati. Mpinzani akilazimika kurusha, wanaingia wepesi. Kwa hiyo kutoa watu kwenye tatu na 17 ni jambo la kawaida kabisa. Kila timu ina kikosi chake cha pasi: watu wa mbele wanapungua, walinzi wa nyuma wanaongezeka mpaka watano, wakati mwingine sita.

Na kupeleka watatu tu siyo dhambi. Iowa State ya kocha wa ulinzi Jon Heacock ilikuwa inaweka watatu mbele na sefti watatu nyuma kuanzia 2017. Wanane walirudi nyuma, kwotabeki anaona msitu wa jezi, hajui arushe wapi, anaogopa.

---

Mdomo_wa_Mamba:

@Yadi_kwa_Yadi Umesema mwenyewe: WANAINGIA WEPESI. Georgia walitoa mzito wakaleta wa kumkimbilia kwotabeki. Sisi tuliowatoa ndio wepesi! Ndio wakimbiaji! Nani aliingia pale mwenye mbio? Yule mmoja alikuwa anafunga kamba ya kiatu mpira ukitoka.

Na Iowa State walikuwa wanaicheza hiyo kuanzia mazoezi ya masika, kila mtu alijua zoni yake inaishia wapi. Sisi kwenye shambulizi lao lile moja tu tumeonyesha mbele wanne na nyuma watano, kisha mbele watatu, kati watatu, nyuma watano, kisha walinzi wa nyuma sita. Mbinu tatu kwa majaribio matatu! Hata mimi sebuleni nilikuwa sijui nisimame wapi.

Hamsemi pia kuhusu saa. Wapinzani wetu hawakubadilisha mtu hata mmoja. Kanuni inasema wenye mpira wakibadilisha ndipo refa anakusubiri na wewe ubadilishe. Wasipobadilisha hakusubiri, wanaanza wakitaka. Na ile redio ya kumsikia kocha kwenye helmeti iliyoruhusiwa 2024, anayo mlinzi mmoja tu uwanjani, yule mwenye kidoa cha kijani kwenye helmeti, na inakatika saa ya kuhesabu kuanza jaribio ikifika sekunde 15. Sekunde 15 watoto walikuwa bado wanavuka mstari wakikimbia! Nani angewaambia chochote? Lainibeka, mlinzi wa kati, anapiga kelele, anaonyesha mikono, sefti anasoma mikono anaelewa kinyume. Yadi 24.

---

Mama_Tarumbeta:

Mimi nilikuwa hapo hapo sebuleni kwa shemeji yangu huyu. Hajawaambia kwamba rimoti imeingia kwenye sufuria ya mchuzi. Dada yangu ameitoa na kijiko.

Shemeji, mchuzi ulikosa nini?

---

Kobe_wa_Houston:

😂😂😂 Uzi umepata mwenyewe.

---

Mdomo_wa_Mamba:

Shemeji, rimoti na mchuzi si mada. Mada ni tatu na 17.

---

Msee_wa_Indiana:

Buda, angalau nyinyi mlikuwa wachezaji 11. Sisi wa Notre Dame Septemba 2023, Ohio State wako yadi moja kutoka kwa laini yetu ya goli, mechi inaisha, na sisi tuko uwanjani watu KUMI. Kumi! Nafasi moja upande wa ulinzi haina mtu. Wakapiga mbio hapo hapo, tachidauni, wamefunga, imebaki sekunde moja, tukapoteza 17-14. Mimi bado nahesabu wachezaji kila jaribio mpaka leo. Mtoto wangu amejifunza hesabu hivyo.

---

Tai_wa_Auburn:

Mnalia na 17? Wenzenu tulikuwa na 31. Jaribio la NNE na yadi 31, Novemba 2023, Alabama. Tulimpelekea kwotabeki wao Milroe watu wawili tu. Wawili! Wengine wote nyuma, na mpira ukamfikia mpokeaji wao Isaiah Bond kwenye kona ya mwisho ya uwanja. 27-24. Nikimsikia mtu anasifia "kurudisha wengi nyuma" damu inapanda. Mpeleke mtu akamsumbue kwotabeki! Asirushe akiwa amestarehe!

---

Yadi_kwa_Yadi:

@Tai_wa_Auburn hiyo ni mechi moja. Mkipeleka sita, akitoroka mmoja nyuma mtafungua uzi mwingine wa kusema mlipeleka wengi mno.

---

Tai_wa_Auburn:

Ningefungua, ndiyo. Ni haki yangu.

---

Bata_wa_Oregon:

Wengine kumi, wengine kumi na moja. Sisi Oktoba 2024 dhidi ya Ohio State tuliweka KUMI NA WAWILI na tukashinda 32-31. Adhabu yadi 5, lakini saa ilikula sekunde 4 na wao walikuwa na sekunde 10 tu. Kocha mwenye akili anasoma kitabu cha kanuni. Baadaye wakaja kurekebisha kanuni kwa sababu yetu.

---

Msee_wa_Indiana:

Huo ni wizi.

---

Bata_wa_Oregon:

Ulikuwa ndani ya kanuni. Lieni taratibu.

---

Mdomo_wa_Mamba:

Wakuu, turudi kwenye mada. Nimeangalia marudio tena. Nambari 9 wetu, mwenye mbio kuliko wote pale mbele, yuko pembeni ya kocha, helmeti mkononi, anamtazama usoni anaomba kwa macho aingie. Kocha anasoma karatasi! Mtoto yuko futi mbili kutoka kwake, yeye anasoma karatasi! Na mpira hewani!

---

Binti_Shotigani:

Samahani kaka, lakini ulinzi haukupaswa hata kuwa uwanjani. Mbona husemi kuhusu kocha wa mashambulizi? Sisi tulikuwa na tatu na yadi MOJA dakika tano kabla. Yadi moja! Tuna mtu wa kilo 110 wa kubeba mpira. Kwotabeki akawekwa nyuma yadi tano, mpira ukatoka kwa pasi ya pembeni, tukapoteza yadi tatu. Tungepata ile moja, saa ingekwisha. Huyo wa mashambulizi ndiye wa kwanza kufukuzwa.

---

Kobe_wa_Houston:

Hapo dada umeongea. Tatu na moja inaniuma kuliko tatu na 17.

---

Mdomo_wa_Mamba:

Hakuna kinachouma kuliko tatu na 17.

---

Mzee_Kamba:

Wote mnakosea. Tatizo ni uhamisho. Tangu wachezaji waruhusiwe kuhama bila kukaa msimu nje, kila Januari tunaanza upya. Unamfundisha kijana mbinu zote, anajua zoni, anajua mtu kwa mtu, anajua wakati wa blitzi, kumvamia kwotabeki, akishaiva anahamia kwenye hela. Huo mzunguko wenu wa kizembe ni kwa sababu waliobaki benchi walikuja miezi mitatu iliyopita. Zamani kijana alikaa miaka minne, akiingia hata macho amefumba alijua asimame wapi.

---

Yadi_kwa_Yadi:

Mzee, hiyo zamani makocha ndio walikuwa wanahama usiku bila kuaga na kijana anabaki amefungwa. Acha vijana nao wale.

---

Mzee_Kamba:

Sijasema wasile. Nimesema wajue zoni kwanza.

---

Usiku_wa_Dar:

Nyie mnalalamika mko huko huko. Mimi niko Tabata. Mechi yenu ya jioni huku inaanza saa nane na nusu usiku. Naamka, naweka kengele chini ya mto nisimwamshe mke wangu, nafungua simu, nakuta tangazo la bima. Jaribio moja, tangazo la gari. Refa anaenda kuangalia video, tangazo la bima tena. Saa kumi na moja asubuhi bado robo ya tatu na mimi natakiwa kazini. Na tangu 2024 wameongeza kusimama kwa lazima dakika mbili za mwisho. Kusimama kwa ajili ya nini? Matangazo!

---

Mama_Tarumbeta:

Matangazo afadhali. Mapumziko wanakata bendi. Nalipa kingʼamuzi mwezi mzima nione bendi ikitembea, wananiletea wazee watatu wamekaa mezani wanabishana.

---

Binti_Shotigani:

Bendi ndiyo kitu pekee kilichojipanga vizuri uwanjani kwetu msimu huu.

---

Kobe_wa_Houston:

Na maegesho? Hamjasema maegesho. Jumamosi iliyopita nimelipa dola 60 kuegesha kwenye bustani ya mtu, nikarudi nimefungiwa mbele na gari la kuchomea nyama, mwenyewe amelala ndani.

---

Msee_wa_Indiana:

Sitini? Kwetu imefika themanini na unatembea bado.

---

Mdomo_wa_Mamba:

Jamani, uzi huu ni wa TATU NA 17.

---

Usiku_wa_Dar:

@Kobe_wa_Houston ukaendaje nyumbani sasa?

---

Kobe_wa_Houston:

Nilimgongea dirisha, akaniomba radhi, akanipa mbavu za ngʼombe sahani mbili. Nikakaa nikala nae mpaka msongamano ukaisha. Jumamosi ijayo kasema nije bure.

---

Binti_Shotigani:

Mwulize kama ana nafasi ya gari la pili. Njoo PM.