SPIKA NI NZIMA? Mwenye ukumbi ule, jana umetudhalilisha mbele za watu

Kamba ya Sita:
Wakuu, sijalala. Ni saa 10 alfajiri na mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe.

Yule jamaa mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule ambaye tumbo lake linaingia ukumbini dakika tano kabla yake. Kila aliyewahi kubeba gitaa Dar hii kashadhulumiwa naye.

Jana tulipiga kwake. Tumetoka Tabata na kirikuu cha elfu 40, drams zetu, ampu yetu, mpaka ekstensheni yetu, maana kwake soketi inayofanya kazi ni moja na imeshikwa na friji la bia. Tukaambiwa tuanze saa 2, tukapanda saa 5 kasoro. Sawa, tumezoea. Wimbo wa kwanza ukaenda. Wa pili, watu kama kumi na nane wakasogea mbele, dada mmoja akatingisha kichwa mpaka kilemba kikadondoka. Wa tatu nikakanyaga pedo ya gitaa, distoshi ikafunguka, gitaa likaanza kunguruma.

Jamaa akaja. Mkono mmoja mshikaki. Mkono wa pili akachomoa waya wa gitaa langu. Akamnyang'anya mwimbaji wetu maiki, huku bado anatafuna, akasema: "Wateja wetu msiwe na wasiwasi, spika ni nzima. Ni hawa vijana ndio wanapiga hivyo."

SPIKA NI NZIMA!

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jikoni wakacheka. Mlinzi wa getini hakusikia kitu, naye akacheka. Nadhani mpaka Kigamboni walicheka.

Wimbo ule tumeufanyia mazoezi miezi minne, ndani ya gereji, milango imefungwa, joto la Februari, majirani wanaturushia mawe kwenye bati. Hela ya pedo nimeitafuta kwa kutembea kwa mguu kazini miezi miwili. Halafu mtu mwenye mafuta ya nyama vidoleni anakuja kuchomoa! Waya mpaka sasa unanuka pilipili.

Malipo: soda nne. Tuko watano.

Na ni mji huu huu, wakuu. Sunburst walikuwa wanapiga roki ya Kiafrika hapa Dar miaka ya 70, albamu yao Ave Africa ikatoka 1976, na mwaka 2016 lebo ya London ikaitoa upya, Wazungu wanainunua. Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, kazaliwa Unguja 1946, hapo hapo ng'ambo, unapanda boti tu. Halafu mimi naambiwa spika ni nzima! Hakuomba, hakunipa hata ishara. Kachomoa. Kwa mkono wake.

Asipige mtu kwake tena.

Binti Buguruni:
Nilikuwepo, pole sana kaka. Ila kusema kweli hata mimi nilijua spika imepasuka.

Kamba ya Sita:
Dada, ile ni DISTOSHI! Sauti inasukumwa mpaka vilele vyake vinakatwa, ndiyo unapata ule mngurumo. Inafanywa makusudi. Nimeilipia!

Chuma Chakavu:
Umelipia sauti iharibike? Redio yangu inafanya hiyo kazi bure tangu 2009. Njoo uichukue.

Mzee wa Rumba:
Kijana, tulia. Sisi wa dansi tumechomolewa nyaya hujazaliwa. Enzi hizo Msondo na Sikinde wanapiga mpaka majogoo na kumbi zinajaa. Leo mwenye baa anaweka didijei mmoja na kompyuta yake, kamaliza. Bendi ya watu 14 nani ataitaka? Wewe unalilia soda, mimi nimewahi kugawana elfu 30 na wenzangu 13, na mpiga tumba akataka nauli juu.

Kamba ya Sita:
Shikamoo mzee. Lakini wewe uliwahi kuambiwa spika ni nzima?

Mzee wa Rumba:
Marahaba. Niliambiwa tarumbeta yangu inawakata watu hamu ya kula.

Dogo wa Manzese:
Nyie mnaingizwa ukumbini, mshukuru. Sisi wa singeli tunapiga mtaani kwenye vigodoro, ikifika saa 6 mjumbe huyo, na polisi nyuma yake. Spika zinapakiwa kwenye gari, kesho unazifuata kituoni.

Chuma Chakavu:
Singeli nayo ni redio mbovu, ila ina haraka.

Dogo wa Manzese:
Tema mate chini wewe.

Shabiki wa Bia:
Mleta uzi, huo mshikaki aliokuwa nao anauzaje siku hizi? Mwezi uliopita kaniuzia elfu moja, vipande vitatu, na kimoja ni kitunguu.

Binti Buguruni:
Elfu moja na mia tano sasa. Pilipili unaletewa wakijisikia.

Shabiki wa Bia:
Huo ni wizi! Huyu mtu afunguliwe uzi wake kabisa.

Kamba ya Sita:
Uzi wake ndio huu! Kachomoa waya jamani, katikati ya wimbo...

Mzee wa Rumba:
Mimi mishikaki nakula Magomeni tu. Nyama ni nyama, na ndimu unapewa.

Shabiki wa Bia:
Magomeni sehemu gani mzee?

Mzee wa Rumba:
Shuka mwendokasi pale Mapipa, vuka barabara, fuata moshi.